Maswali Yenu: Chuo cha Theolojia na Kazi ya Usharika

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka kwa wanaosomea uchungaji, na karibu zote zinalia kilio kimoja: chuo kinadai, usharika nao unadai, na siku ni ile ile moja. Majina ya waandishi tumeyaacha kwa makusudi.

"Bwana Yesu asifiwe. Nasoma shahada ya theolojia mwaka wa pili, mkoani Arusha. Kila Ijumaa jioni naenda kwenye usharika niliopangiwa na narudi Jumapili usiku. Nahubiri katika mitaa mitatu ya usharika huo, nafundisha kipaimara na nasimamia kwaya ya vijana. Muhula uliopita nilipata sapu, yaani mtihani wa kurudia, ya Kigiriki. Mchungaji wangu ananipenda na sitaki kumvunja moyo. Nifanyeje?"

Ndugu yetu, sapu hiyo haikuletwa na uvivu, wala haitaondoka kwa kukesha. Tuhesabu saa kwanza.

Katika vyuo vikuu vya Tanzania krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi, na mwaka mmoja wa shahada ya kwanza una krediti 120. Hizo ni saa 1,200 kwa mwaka, 600 kwa muhula. Muhula ukiwa wa majuma 15, zinakuwa saa 40 kwa juma, ikijumlishwa mihadhara, semina, maktaba, kazi za kuandika na maandalizi ya mitihani. Sasa tazama ratiba yako. Ukiondoka Ijumaa saa 10 jioni na kurudi Jumapili saa 2 usiku, umekuwa nje saa 52. Zile 40 za masomo lazima zienee kati ya Jumatatu asubuhi na Ijumaa mchana, karibu saa 9 kila siku, nawe Jumatatu umeamka umechoka. Kwenye karatasi inawezekana. Ukitokea msiba mmoja Jumatano, imevunjika.

Ondoka Jumamosi saa 2 asubuhi, na uwe umerudi chuoni Jumapili saa 11 jioni. Hapo utakuwa nje saa 33, na saa 19 zimekurudia. Darasa la kipaimara liwe Jumamosi alasiri. Kwaya mwachie mwalimu wa kwaya na katibu wake. Ilikuwepo kabla hujapangiwa pale, na ukiishika mwenyewe itatawanyika siku utakayohamishwa.

Kuhusu mahubiri, hubiri jipya la dakika 20 humchukua mwanafunzi wa mwaka wa pili saa 8 hadi 10 akiliandaa kwa haki: kulisoma andiko, kulichambua, kuandika, kisha kulisema kwa sauti mara mbili. Mitaa mitatu haidai mahubiri matatu. Lililohubiriwa mtaa wa asubuhi linafaa mtaa wa mchana, ukibadilisha mifano tu ili iwaguse watu wa pale. Omba zamu yako ya kuhubiri iwe Jumapili mbili kwa mwezi, na zile nyingine uongoze liturujia au ukae na watoto wa shule ya Jumapili. Tena angalia mapema kalenda ya kanisa lako ya masomo ya Biblia ya kila Jumapili. Mwalimu wa Agano Jipya akikuachia uchague andiko la kuandikia insha, chagua lile utakalolihubiri juma la tano au la sita. Uchambuzi unakuwa umefanyika mara moja kwa kazi mbili. Lakini usiisome insha mimbarini. Waumini wanahitaji ulichokipata, hawahitaji tanbihi zako.

Kigiriki ni suala la peke yake, maana hakisomwi kama Historia ya Kanisa. Historia unaweza kuikalia kwa muda wa saa 6 siku ya Jumatano ukaondoka nayo. Kigiriki kinataka dakika 25 kila siku, kwa sababu kinachopotea kwanza ni miisho ya nomino na ya vitenzi, na miisho haivumilii siku tatu za kutotazamwa. Ndicho kilichokuangusha: kila Jumatatu ulikuwa unaanza upya mahali ulipokwisha kufika Alhamisi. Maneno yanayotokea mara 50 au zaidi katika Agano Jipya la Kigiriki ni takriban 310 tu, nayo hubeba karibu asilimia 80 ya maandishi yote. Jifunze maneno 5 kwa siku, siku 5 kwa juma. Ni 25 kwa juma, na katika majuma 13 umeyamaliza kabla ya mitihani. Katia karatasi ngumu vipande vya ukubwa wa kiganja, Kigiriki upande mmoja na Kiswahili upande wa pili. Jumamosi na Jumapili usiongeze neno jipya, rudia ya zamani ukiwa ndani ya daladala. Kila siku soma pia kwa sauti mistari mitatu ya Waraka wa Kwanza wa Yohana, ambao Kigiriki chake ni chepesi.

Limebaki la mchungaji. Usimwendee peke yako na orodha ya madai. Ataona kiburi, na wazee wa kanisa wataona hivyo hivyo. Pitia kwa mlezi wa wanafunzi au mwalimu anayesimamia mafunzo kwa vitendo, umwombe aandike makubaliano ya ukurasa mmoja, nakala tatu: ya chuo, ya usharika na yako. Yaandikwe mambo haya: siku na saa za huduma, idadi ya mahubiri kwa mwezi, nani analipa nauli na lini, nani anakusimamia, na majuma ambayo hutakwenda kabisa, yaani mawili kabla ya mitihani pamoja na majuma ya mitihani yenyewe. Yaandikwe pia kwamba mwanafunzi hashiki sadaka peke yake. Zihesabiwe mbele ya wazee wawili, waandike na kusaini, na fedha zisilale kwako hata usiku mmoja. Nauli isiyoandikwa ndiyo huharibu mahusiano mengi kimyakimya: mwanafunzi anakopa kwa wenzake, anaona aibu kusema, mwishowe anaacha kwenda na anaitwa mkaidi.

Na Juma Takatifu liangaliwe tangu mwanzo wa muhula. Pasaka huangukia popote kati ya 22 Machi na 25 Aprili, kwa hiyo mwaka mmoja itakukuta muhula umechanganya na mwaka mwingine ukiwa mapumzikoni. Kazi za kuandika zenye tarehe karibu na hapo zimalize siku 10 kabla.

"Mimi ni mwinjilisti Kigoma, nina mke, watoto wanne na shamba la mahindi na maharage. Nasoma theolojia kwa enezi, yaani nikiwa nyumbani na kwenye huduma. Vitabu ninavyo, lakini siku ya kikao na mwalimu ikifika najikuta sijamaliza masomo. Wenzangu wawili wameshaacha."

Baba mwinjilisti, mfumo unaosoma uliwekwa kwa ajili ya mtu kama wewe. Ulianzia Guatemala mwaka 1963. Seminari ya Wapresbiteri iliona kwamba watu waliokuwa wakiongoza makanisa ya vijijini hawawezi kuacha mashamba na familia wakakae bwenini, na wengi waliokuja bwenini hawakurudi vijijini. Walimu wa mfumo huu hupenda mfano wa uzio. Ufito wa juu ni kusoma nyumbani, ufito wa chini ni huduma unayoifanya kila siku, na nguzo zinazoshika fito hizo mbili ni vikao na mwalimu. Ukiruka nguzo mbili mfululizo uzio unalala. Bila shaka ndivyo ilivyokuwa kwa wenzako, maana aliyekosa vikao viwili huona aibu kurudi.

Kitabu cha enezi kimegawanywa masomo mafupi ya siku kwa siku, wala hakikuandikwa kisomwe usiku mmoja. Somo moja ni dakika 40 hadi 60. Lisome alfajiri saa 11 kabla ya shamba, kwa sababu jioni mwinjilisti hana saa yake: kuna mgonjwa, kuna ibada ya nyumba kwa nyumba, kuna ugomvi wa mpaka. Majibu yaandike kwa penseli, kwa maneno yako, kabla ya kutazama ukurasa wa majibu. Kunakili majibu usiku wa kuamkia kikao humfanya mtu afike na kitabu kilichojaa na kichwa kitupu, na mwalimu akiuliza swali la pili tu, anakwama.

Kalenda ya shamba nayo ihesabiwe. Majuma ya kupanda na ya palizi mwambie mwalimu mapema, mpunguze masomo yawe matatu kwa juma badala ya matano, kisha mfidie baada ya mavuno. Mkae vikundi vya watu 6 hadi 10. Wakiwa wachache kuliko hapo, akikosa mmoja mazungumzo yanakufa. Wakizidi sana, wasemaji ni wawili na wengine wanasikiliza. Na kila kikao kianze na swali moja kutoka kazini: wiki hii somo hili limekukuta wapi? Somo la ubatizo limekutana na mzazi gani? Bila swali hilo fito mbili hazijafungwa pamoja.

"Mchungaji amesafiri na kuna ndoa Jumamosi. Ameniambia kwa simu nifungishe, eti cheti atasaini akirudi. Niko mwaka wa tatu."

Usifungishe. Kwa Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971, kiongozi wa dini anayefungisha ndoa lazima awe na leseni, nawe huna. Taarifa ya siku 21 ikishatolewa, atafutwe mchungaji wa usharika jirani mwenye leseni. Wewe unaweza kupanga nyimbo, kusoma Neno, hata kuhubiri. Zungumza na msaidizi wa askofu au mkuu wa jimbo leo hii, usingoje Ijumaa.

Kwa kuwa wengi huuliza, mazishi mwanafunzi aliyetumwa na kanisa lake anaweza kuyaongoza. Meza ya Bwana asiigawe bila kuwekewa mikono au kupewa kibali cha wazi na kanisa lake. Ubatizo wa dharura, mtoto akiwa katika hatari ya kufa na mchungaji hayupo, unaruhusiwa katika makanisa mengi ya kihistoria: maji, jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu. Baadaye umpe mchungaji taarifa ili aandike kwenye daftari la ubatizo.

"Mimi ni mwanafunzi kutoka Kenya. Tunafundishwa kwa Kiingereza, tunaandika kwa Kiingereza. Nikisimama mimbarini Mombasa, Kiswahili changu cha theolojia kinakauka. Nashindwa kueleza nilichojifunza."

Swali lako limetufurahisha kuliko yote, maana ugonjwa huu ni wa wengi na dawa yake ni nzuri hata kwa masomo yenyewe.

Weka daftari lenye safu nne: neno kama lilivyo kwa Kigiriki au Kiebrania, neno mlilotumia darasani, neno la Biblia ya Kiswahili, na sentensi moja ambayo nyanya yako angeielewa. Kila baada ya mhadhara jaza maneno matatu tu. Mwisho wa mwaka una mamia, na utakuwa umegundua jambo ambalo darasa halikukuambia: mara nyingi Kiswahili kiko karibu na maandiko ya asili kuliko Kiingereza.

Chukua neno "haki". Kigiriki kina neno moja, *dikaiosune*, linalobeba unyofu wa mtu mbele za Mungu na pia haki kati ya watu. Kiingereza kimeligawa maneno mawili, na wanafunzi wanaandika insha ndefu kuyaunganisha tena. Kiswahili hakikuligawa. Ukisoma Mathayo 6:33 au Warumi 1:17 katika Kiswahili, mama muuza samaki aliyedhulumiwa sokoni na mwalimu wa imani wanasikia neno lile lile. Hubiri hapo hapo.

Au chukua "wewe" na "ninyi". Kiingereza cha leo hakitofautishi, Kigiriki kinatofautisha, na sisi pia. Katika Luka 22:31 na 32, Yesu anamwambia Simoni kwamba Shetani amewataka "ninyi", wanafunzi wote, kisha anasema amemwombea "wewe", Simoni peke yake. Msomaji wa Kiingereza anahitaji tanbihi ili alione, wewe unalisikia tu. Vivyo hivyo 1 Wakorintho 3:16, hekalu la Mungu pale ni "ninyi", kusanyiko zima. Mahubiri mengi ya kuwakemea watu mmoja mmoja kwa mstari huo yametoka kwenye Kiingereza kilichotafsiriwa kichwani.

Basi utaratibu wa kuandaa uwe hivi. Soma andiko kwanza katika Biblia ya Muungano ya mwaka 1952 na katika Habari Njema, uandike mahali zinapotofautiana. Kila tofauti ni swali la kupeleka kwenye Kigiriki. Vitabu vya ufafanuzi vya Kiingereza vifungue baada ya hapo. Muhtasari wa hubiri uuandike kwa Kiswahili tangu mstari wa kwanza, usiuandike kwa Kiingereza ukautafsiri Jumamosi usiku, kwa sababu ukitafsiri unabeba pia muundo wa sentensi, na ndiyo maana unasikika kama unasoma tangazo. Kisha mweleze mtu asiyesoma theolojia, kwa dakika tatu, bila karatasi. Akikuuliza "una maana gani?", hapo ndipo pa kurekebisha.

Maneno yanayosumbua zaidi, kama kuhesabiwa haki, utakaso na upatanisho, usiyakimbie. Yaeleze kwa kitendo. Kuhesabiwa haki kuna mahakama ndani yake, upatanisho una watu wawili waliokuwa hawasalimiani. Pwani watu wanajua sana maana ya suluhu.

"Niko chuoni lakini naishi mtaani na familia yangu. Misiba ni mingi, na mtumishi asiyeonekana msibani anasemwa. Naacha vipindi."

Ndugu, huwezi kuwepo katika kila kipindi cha kila msiba, na hata wachungaji wa zamani hawafanyi hivyo. Msiba una siku ya taarifa, usiku wa kukesha, mazishi, na siku za baadaye nyumba inapobaki kimya. Wanafunzi hukimbilia kukesha, ambako watu ni wengi na wewe huhitajiki sana. Pangeni zamu na wazee wa mtaa: kukesha washike wao, mazishi nenda kama huna mtihani, na juma moja baadaye, watu wakishatawanyika na turubai limeondolewa, nenda ukae saa nzima na wafiwa. Ziara hiyo haigongani na kipindi, na ndiyo inayokumbukwa. Juma la mitihani piga simu, tuma rambirambi, na useme wazi siku utakayofika. Kisha fika.

Uwe na mihtasari mitatu tayari: mzee aliyeshiba siku (Zaburi 90), mtoto (Marko 10:13-16), kifo cha ghafla (Yohana 11). Ukiwa nayo, hubiri la mazishi la dakika 12 litakuchukua saa 2 na si usiku mzima. Acha kabisa kutaja kwa nini Mungu amemchukua fulani. Hujui, na wafiwa watalibeba neno lako miaka yote.

"Mimi ni dada, nasoma diploma. Mama mmoja wa kwaya ameniambia mumewe anampiga. Juzi ameongeza kwamba binti yao wa miaka 13 anaguswa vibaya na ndugu anayeishi nao. Kaniapisha nisimwambie mtu."

Dada yetu, hayo ni mambo mawili, na moja halingoji.

La mtoto hakuna siri inayolifunga. Mwambie mama leo, kwa upole, kwamba ahadi ya kunyamaza huwezi kuishika kwa sababu mtoto yuko hatarini, na kwamba utakwenda naye. Kama kuna tendo limefanyika siku za karibuni, hospitali kwanza, kabla saa 72 hazijapita, maana dawa za kuzuia maambukizi ya Virusi vya Ukimwi hazianzishwi baada ya hapo. Asiogeshwe wala nguo zisifuliwe. Kisha Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, na afisa ustawi wa jamii. Namba 116 ya huduma kwa mtoto hupigwa bure, Tanzania na Kenya. Usimhoji mtoto mwenyewe, kwa sababu akirudia kusimulia kwa watu wanne maelezo yanachanganyika na kesi inaharibika. Lisipelekwe kwenye baraza la wazee likamalizwe pale. Huyo ndugu asilale nyumba moja na mtoto usiku wa leo.

La mama ni lake kuamua, naye ni mtu mzima. Muulize kama leo yuko salama na ana pa kwenda. Usimwite mume, wala usiwakalishe pamoja kuwapatanisha. Atakayoyasema mbele yako atayalipia nyumbani. Mpeleke kwa mchungaji au mshauri aliyesomea, kwa idhini yake.

Kuanzia sasa, mtu akikuambia "nina siri", tangulia kusema: nitaitunza, isipokuwa kama kuna mtoto au maisha ya mtu hatarini. Na ukiandika taarifa ya huduma kwa ajili ya somo la ushauri wa kichungaji, badilisha kijiji, kazi, umri na idadi ya watoto. Kuondoa jina peke yake hakutoshi, maana nusu ya darasa lako wanaweza kuwa wanatoka wilaya hiyo hiyo.

"Mimi ni mchungaji wa usharika, mnanilaumu bure. Chuo kinaniletea mwanafunzi na barua ya mistari mitatu. Nimsimamieje?"

Mchungaji wetu, una haki ya kuudhika, na chuo kikikuletea barua ya namna hiyo, kidai makubaliano tuliyoyataja juu. Usimamizi wenyewe hauhitaji muda mwingi kama unavyofikiriwa. Saa moja kila majuma mawili, siku maalumu, mlango umefungwa na simu zimezimwa. Usimsahihishe katika sakristia, kile chumba cha maandalizi ya ibada, mbele ya wazee Jumapili ile ile. Jasho la mimbari halijakauka na hatasikia kitu. Ngoja Jumanne.

Muulize mambo matatu kabla ya kusema lako: andiko lilisema nini, wewe ulisema nini, na nani kanisani alilihitaji. Kisha mpe jambo moja tu la kurekebisha hadi kikao kijacho. Mpangie kazi unayoifanya wewe, si zile tu usizozipenda. Aje nawe kwa mgonjwa, akae kimya safari mbili, ya tatu aombe yeye. Aingie kwenye kikao cha bajeti ya usharika hata mara moja, maana hicho hakifundishwi darasani. Taarifa ya chuo ijaze ukiwa na daftari la vikao hivyo mezani. Ukiandika "ni mwanafunzi mzuri, mcha Mungu" na kugonga mhuri, mwalimu wake hatajua kama ajifunze kuhubiri kwa ufupi, kufika kwa wakati, au kusikiliza.